Ushirikiano katika utafiti wa kisayansi: tuujadili kwa mifano ya Mtwara na Lindi

Mwana wa Newala (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Naomba tujadili jambo linalozungumzwa sana kwenye semina na warsha lakini mara chache huku kwetu linakofanyika, nalo ni thamani ya ushirikiano katika utafiti wa kisayansi. Nimechagua mifano ya Mtwara na Lindi kwa sababu wengi wetu hatufahamu ni mambo mangapi ambayo dunia imeyajua kutokana na udongo, miti, bahari na hata damu ya watu wa Kusini.

Hoja yangu ni kwamba ushirikiano una thamani pale ambapo kila mshiriki analeta kitu ambacho mwenzake hana na hawezi kukipata peke yake. Fedha siihesabu kuwa kitu hicho. Fedha hununua mafuta ya gari na vifaa vya maabara, na bila hivyo kazi haiendi, lakini mradi unaweza kuwa na fedha nyingi na washirika wengi kwenye karatasi huku kazi yote ikifanywa na upande mmoja.

Nianze na nyumbani. Mwaka 1952 na 1953 ulizuka ugonjwa wa homa katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, ukawalaza watu kwa maumivu makali ya viungo. Ndio ugonjwa ambao leo dunia nzima inauita chikungunya, kwa jina lililotoka katika Kimakonde. Taarifa ya kisayansi ya mlipuko ule haikuandikwa na mtu mmoja. Ilitoka katika sehemu tatu. Robinson alieleza dalili za wagonjwa, mwaka 1955. Lumsden, mwaka huohuo, alieleza jinsi ugonjwa ulivyoenea na mazingira yaliyouwezesha kuenea. Ross, mwaka 1956, alieleza kirusi chenyewe na jinsi kilivyopatikana, kazi iliyohusisha taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda.

Tazameni jinsi sehemu hizo zinavyotegemeana. Tabibu aliyewaona wagonjwa, angekuwa peke yake, angebaki na orodha ya dalili zinazofanana mno na za dengi, na pengine ugonjwa ungeandikwa kuwa dengi hadi leo. Mtu wa maabara asingekuwa na cha kupima bila damu iliyochukuliwa katika siku za mwanzo za homa, kwa kuwa kirusi hiki hukaa kwenye damu kwa siku chache tu, na wa kumjua mgonjwa aliye katika siku hizo ni yule aliye kando ya kitanda chake. Na aliyechunguza mazingira asingeelewa kwa nini ugonjwa unatoka nyumba hadi nyumba kama wenyeji wasingemfungulia milango wakamwonyesha vyombo vyao vya maji. Uwanda wa Makonde ni mkavu juu, watu walichota maji mbali na kuyahifadhi ndani, na mbu aina ya Aedes aegypti huzaliana katika maji yaliyotulia kwenye vyombo vya nyumbani. Mama aliyeinua kifuniko cha mtungi wake ili mgeni achungulie alichangia sehemu ya jibu, ingawa jina lake halimo katika jarida lolote.

Hayo hayakuishia miaka ile. Ugonjwa ulipolipuka Lamu na Mombasa mwaka 2004, ukavuka hadi visiwa vya Bahari ya Hindi na kuwashika takribani theluthi moja ya wakazi wa Réunion mwaka 2005 na 2006, watafiti walitaka kujua kama kirusi kimebadilika. Ili kujua, walihitaji kukilinganisha na cha zamani, na cha zamani kilikuwepo: kile kilichotoka Tanganyika katika mlipuko wa Newala, kilichohifadhiwa maabara kwa takribani miaka 50. Kwa ulinganisho wa namna hiyo ilibainika kwamba kirusi kilikuwa kimepata badiliko dogo lililokiwezesha kuenezwa vizuri zaidi na aina nyingine ya mbu, Aedes albopictus. Watafiti wa kizazi kimoja walishirikiana na wa kizazi kingine bila kuonana. Mnamo Novemba 2023 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa wale waliokuwa karibu na kazi za namna hii.

Bwana Shamba Tandahimba

Mkuu, nakushukuru kwa uzi huu. Mimi nitazungumzia korosho, kwa sababu hakuna mfano ulio karibu zaidi na mfuko wa mtu wa Kusini.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata takribani tani 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa zimebaki kama tani 16,500. Anguko hilo lilipoanza kuchunguzwa, kila fani ilikuja na sababu yake. Wachumi walisema bei anayolipwa mkulima imekuwa ndogo mno. Wengine walisema uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa uliwaweka wakulima mbali na mikorosho yao, mashamba yakageuka pori. Wataalamu wa magonjwa ya mimea walionyesha ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshika maua na machipukizi. Wote walikuwa na sehemu ya kweli, na kila mmoja akiachwa peke yake angetoa tiba isiyotosha. Ukipandisha bei wakati maua yanakauka mtini, mkulima hana cha kupeleka ghalani. Ukipulizia dawa katika shamba lililotelekezwa, ukungu unabaki kwenye machipukizi ya kivulini ndani ya mti na kurudi maua yanapotoka.

Nataka wasomaji ambao hawajaishi na mikorosho waone jambo lenyewe. Kikonyo cha maua kikiwa bado kichanga hufunikwa na unga mweupe kana kwamba kimemwagiwa sembe, kisha maua hugeuka kahawia, hukauka na kupukutika kabla hayajafunga korosho hata moja. Mkulima anaweza kuwa na shamba zima lililochanua vizuri na baada ya muda mfupi akabaki na vijiti. Kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uingereza, kilijenga maarifa ya kudhibiti ukungu huo kwa salfa ya unga. Salfa hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani, ili unga ushike. Mtaalamu wa ukungu anajua salfa inaua nini, lakini siku ya kuanza kupulizia inategemea maua ya shamba lile, na shamba la bondeni halichanui sawa na la mlimani. Habari hiyo iko kwa mkulima.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huwa halisemwi. Baada ya salfa kutumika kwa wingi, swali jipya lilizuka: udongo wetu wa kichanga utakuwaje ukipokea salfa mwaka baada ya mwaka? Salfa huongeza asidi ardhini. Hilo si swali la mtaalamu wa magonjwa ya mimea, ni la mtaalamu wa udongo, na utafiti wake ulifanyika hukuhuku. Fani moja ilitatua tatizo na papo hapo ikaizalishia nyingine kazi. Kama wasingekuwa wanazungumza, tungeponya maua na kuidhuru ardhi bila mtu kutambua kwa miaka mingi.

Vilevile Naliendele, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na watafiti wa Denmark wamechunguza kama maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, wanaweza kuilinda mikorosho dhidi ya mbu wa mikorosho, yaani wadudu wanaofyonza machipukizi yake. Wakulima wengi walikuwa wanawachukia kwa sababu wanauma wakati wa kuokota na kupogolea.

Jiolojia Lindi

Habari zenu wanajukwaa. Naongezea mfano ambao nina hakika wengi hawaujui, ijapokuwa umefanyika kando ya barabara tunayopita kila siku kati ya Lindi na Kilwa.

Kuanzia mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Paul Pearson, mtafiti kutoka Uingereza, pamoja na wanajiolojia wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, walichoronga udongo wa mfinyanzi wa pwani yetu kutafuta historia ya hali ya hewa ya dunia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa nini waje huku? Sakafu ya bahari kuu imejaa magamba ya viumbe wadogo sana waitwao foraminifera, na kwa kupima isotopu za oksijeni (yaani atomu za oksijeni zinazotofautiana kwa uzito) zilizomo katika magamba hayo mtu anaweza kukadiria joto la maji ambamo viumbe hao waliishi. Tatizo ni kwamba magamba mengi ya sakafu ya bahari yalijiunda upya baadaye katika maji baridi ya kilindini, kwa hiyo vipimo vyake vilionyesha bahari za ukanda wa joto kuwa baridi kuliko ilivyowezekana. Wanasayansi walikuwa na fumbo ambalo mahesabu ya kompyuta hayakuweza kulitegua. Mfinyanzi wa Kilwa na Lindi haupitishi maji, na kwa sababu hiyo umeyatunza magamba yakiwa angavu kama kioo. Yalipopimwa, ilionekana kwamba bahari za ukanda wa joto zilikuwa na joto kweli.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Kipande cha mfinyanzi wa kijivu kinalowekwa, kinapitishwa katika chekecheo lenye matundu ya maikroni 63, na mabaki yanayofanana na mchanga mwembamba yanakaushwa na kuchambuliwa chini ya hadubini, gamba mojamoja, kwa brashi nyembamba. Wageni walileta mashine za kupimia isotopu. TPDC ilileta jambo ambalo lisingenunuliwa, yaani ujuzi wa matabaka ya pwani hii uliokusanywa katika miaka mingi ya kutafuta mafuta na gesi, pamoja na wataalamu wake wa visukuku, akiwemo Joyce Singano, ambaye jina lake limo katika machapisho kama mwandishi mwenza. Matabaka hayo yamepewa majina ya mahali petu, Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande, na majina hayo ndiyo yanayotumika katika majarida ya kimataifa. Binafsi naona huu ni mfano bora kuliko wa Newala, kwa sababu mtaalamu wa Kitanzania hakuwa msaidizi wa shambani. Alikuwa sehemu ya hoja.

Mzee wa Mingoyo

Wanangu, nimesoma kwa makini na nawapongeza, lakini naona mnasimulia mazuri tu. Hapo Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia mwaka 1909 hadi 1913. Ilitoka zaidi ya tani 200, ikabebwa na wapagazi vichwani na mabegani hadi bandarini Lindi, ikapakiwa melini. Leo mnyama mmoja kati ya hao amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na watu wa dunia nzima hulipa kiingilio kumtazama. Mtoto wa Mingoyo hajawahi kumwona. Baada ya vita wakaja Waingereza kuanzia 1924, nao wakachimba na kupeleka kwao. Je, huo nao tuuite ushirikiano?

Mwana wa Newala

Shikamoo mzee wangu. Hapana, siuiti ushirikiano, na nakushukuru kwa kuuleta, kwa kuwa unaonyesha mpaka wa hoja yangu. Wapagazi na wachimbaji wale hawakuulizwa swali lolote la utafiti, hawakushiriki kuamua mifupa iende wapi, na kazi yao ilifanyika chini ya utawala wa kikoloni, muda mfupi tu baada ya vita vya Maji Maji kuiacha mikoa hii katika njaa. Hiyo ilikuwa kazi ya kuajiriwa katika mazingira ambayo kukataa hakukuwa rahisi.

Hata hivyo ningependa tusiwafute watu wetu katika historia ile kwa kusema kwamba walibeba tu. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji na mtaalamu wa kutayarisha mifupa, na viongozi wa msafara walimtegemea. Mfupa wa miaka takribani milioni 150 ukishatoka ardhini huvunjika kama biskuti usipofunikwa na kuimarishwa mapema, na kutambua mahali unapoanzia na unapoishia katika udongo mgumu ni ujuzi wa mikono na macho ambao haufundishwi kwa barua. Ilichukua hadi mwaka 2007 kwa mtafiti mmoja, Kristian Remes, kumpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti. Ni takribani karne moja baadaye. Naliona jambo hilo kuwa jema na pia kuwa limechelewa mno, na yote mawili yasemwe kwa pamoja.

Tofauti kati ya Tendaguru na ule mfano wa mfinyanzi wa Kilwa haipo katika wema wa watu. Ipo katika nani alikaa mezani wakati swali linatungwa. Mwaka 1909 hatukuwa na taasisi ya kukaa mezani. Mwaka 2002 tulikuwa na TPDC yenye wanajiolojia wake na takwimu zake, na mgeni asingeweza kuanza bila wao.

Mwana Kilwa

Nami nichangie kidogo kutoka baharini. Mwaka 2003 alivuliwa silikanti karibu na Songo Mnara, samaki ambaye kabla ya mwaka 1938 wanasayansi walidhani alitoweka duniani zamani za dinosaria. Baada ya hapo wengine wengi walinaswa, hasa upande wa Tanga, kwenye majarife yanayotegwa kilindini kwa ajili ya papa. Watafiti wa Japani na Tanzania walikusanya sampuli za samaki hao na mwaka 2011 wakachapisha matokeo yanayoonyesha kwamba silikanti wa pwani ya kaskazini mwa Tanzania wametengana kijenetiki na wale wa pwani ya kusini na Komoro. Hakuna meli ya utafiti ambayo ingeweza kukusanya idadi ile ya samaki. Walitoka kwa wavuvi ambao, badala ya kukata na kugawana, walisimama wakauliza huyu ni nani.

Kwa maoni yangu mvuvi ni mshirika kamili wa utafiti huo.

Nesi wa Uwandani

Habari zenu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku juu, na naomba niseme pande zote mbili.

Upande mzuri kwanza. Katika miaka ya 2000, Taasisi ya Afya Ifakara kwa kushirikiana na Wizara ya Afya na London School of Hygiene and Tropical Medicine ilifanya utafiti katika wilaya tano za kwetu, yaani Lindi Vijijini, Nachingwea, Ruangwa, Newala na Tandahimba, wa kuwapa watoto wachanga dawa ya malaria ya SP (sulfadoxine-pyrimethamine) wanapokuja kliniki kupata chanjo, ili kuwakinga na malaria. Ninachokipenda katika kazi ile ni kwamba mpango ulitengenezwa uendeshwe na wauguzi walewale, kwenye kliniki zilezile, kwa siku zilezile za chanjo, wala haukuhitaji kikosi cha wageni kilichokuja na magari yake na kuondoka nayo. Swali halikuwa dawa inafanya kazi au haifanyi pekee. Lilikuwa pia kama inawezekana kuitoa katika zahanati yenye muuguzi mmoja na foleni ya akina mama mlangoni, na swali hilo haliwezi kujibiwa London wala Dar es Salaam. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo kwa maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi ambako dawa hiyo bado ina nguvu ya kutosha.

Upande wa pili unaniumiza. Kulikuwa na mradi mwingine, ambao sitautaja, uliokuja kituoni na vibali vyake vyote. Tukawahamasisha akina mama, wakaleta watoto, watoto wakachukuliwa damu. Mama mmoja alitembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni kwa sababu mimi nilimwambia ni muhimu. Mradi ukaisha, magari yakaondoka, na hakuna karatasi hata moja iliyorudi kueleza nini kilionekana. Akina mama hawakuwauliza watafiti, waliniuliza mimi, na wananiuliza hadi leo tunapokutana sokoni. Mradi unaofuata utakapokuja nitawaambia nini? Watafiti wengi hawafahamu kwamba wanapokuja kijijini wanatumia uaminifu ambao muuguzi au mwenyekiti wa kijiji ameujenga kwa miaka, na usiporudishwa unaisha.

Mwana wa Newala

Dada, pole sana, na naomba kila mtafiti anayepita hapa asome mchango wako mara mbili.

Kwa utaratibu, mtafiti kutoka nje ya nchi anatakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na awe na mshirika wa hapa nchini. Utafiti wa afya hupitia pia tathmini ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na sampuli za binadamu haziendi nje bila mkataba unaoeleza zinakwenda kufanya nini. Kwa hiyo karatasi za mradi ule zipo mahali, na mna haki ya kuomba muhtasari wa matokeo. Andikeni barua kupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, mtaje kichwa cha utafiti kama kilivyo kwenye fomu ya ridhaa, na namba ya kibali kama mnayo nakala.

Lakini nisingependa tuishie kwenye kudai baada ya mambo kuharibika. Kabla ya mradi kuanza, mganga mfawidhi anaweza kuuliza matokeo yatarudi lini, kwa lugha gani, na nani atakuja kuyasoma mbele ya wananchi, kisha majibu hayo yakaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Mtafiti mwenye nia njema hatakasirika. Nimeona wengine wakifurahi, kwa sababu mkutano wa kurudisha matokeo huibua maswali ambayo hawakuyafikiria. Mama anaweza kusimama akaeleza kwamba watoto wa upande ule wa kijiji huugua zaidi baada ya mvua za vuli, na mtafiti akaondoka na swali la kazi yake inayofuata. Kurudisha matokeo ni heshima, na pia ni hatua ya utafiti ambayo ikirukwa mtafiti mwenyewe anapata hasara.

Kijana wa Mikindani

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Nimesoma uzi wote. Kila mfano una taasisi kubwa ndani yake, na shule yetu ina hadubini moja tu na kemikali chache. Je, mtu kama mimi anaingia wapi katika ushirikiano huo, au nisubiri hadi nifike chuo kikuu?

Mwalimu wa Fizikia, Masasi

Marahaba kijana wangu. Usisubiri. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, akaona kwamba mchanganyiko wake wa kutengenezea aiskrimu, aliouweka kwenye jokofu ukiwa wa moto, uliganda kabla ya ule wa mwenzake uliopozwa kwanza. Aliuliza, akachekwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Osborne hakuwa na jibu, lakini aliahidi kujaribu, akajaribu, na mwaka 1969 waliandika makala kwa pamoja. Mjadala wa kwa nini inatokea, na hata kama inatokea kila mara, unaendelea hadi leo. Mmoja alikuwa na jambo alilolishuhudia na ujasiri wa kulirudia mbele ya waliomcheka. Mwingine alikuwa na maabara na moyo wa kusikiliza. Waalimu wenzangu, tujiulize ni maswali mangapi tumeyazima kwa kicheko darasani.

Bwana Shamba Tandahimba

Kijana, nami nina kazi mahususi kwa ajili yako na wenzako, wala haihitaji kemikali. Tunapata taabu kubwa kujua ubwiriunga huanza siku gani hasa katika kila eneo, kwa kuwa maafisa ugani ni wachache na hatuwezi kuwa kila shamba kila asubuhi. Kama wanafunzi kadhaa wenye mikorosho nyumbani kwao mtachagua miti michache kila mmoja, mkafunga uzi wa rangi kwenye vikonyo kumi vya kila mti, vya pande zote za mti na si vile vinavyofikika kwa urahisi tu, kisha mkaandika kila baada ya siku mbili ni vingapi vina unga mweupe na ni vingapi vimefunguka, mtakuwa na kumbukumbu ambayo sisi hatuna. Andikeni pia umande, ukungu wa asubuhi, na siku ambayo mzazi alipulizia. Nitazipeleka kwa watafiti wa Naliendele na tutawaomba mkae nao wakati wa kuzichambua. Majina yenu yabaki kwenye jedwali.

Kijana wa Mikindani

Nimefurahi sana, Bwana Shamba. Nitazungumza na mwalimu wetu wa baiolojia Jumatatu. Je, tukikosa siku moja ya kuhesabu, tukadirie namba ya katikati ili jedwali lisiwe na pengo?

Bwana Shamba Tandahimba

Hapana, acheni pengo na muandike kwamba siku hiyo hamkuhesabu, pamoja na sababu. Anayechambua anajua namna ya kushughulikia pengo, lakini hana njia ya kuitambua namba iliyokadiriwa. Na mkikosea kuandika, msifute. Ikate namba ya kwanza kwa mstari mmoja, andika iliyo sahihi pembeni, kisha weka tarehe. Tumieni kalamu ya risasi, maana umande utalowesha daftari na wino utasambaa.

Nesi wa Uwandani

Bwana Shamba, mkimaliza msimu naomba nakala ya kumbukumbu za umande na mvua. Kituoni tunaandika wagonjwa wa homa kila siku, na sijawahi kuwa na kitu cha kulinganisha na idadi yao.